Aliyehudhuria kwa Jina la Namsifu

1

Orodha ya mahudhurio ya mwezi wa sita ilimkuta Nakijwa bandani, ameketi juu ya gunia la tangawizi, viatu vyake vya mpira vimejaa tope hadi kwenye kifundo.

Yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa mahudhurio wa kijiji cha Kisanjuni, huko juu katika milima ya Upare. Watoto ishirini na watatu wa kijiji walisoma Shule Huria ya Upeo, shule isiyo na jengo wala kengele, na kila mwisho wa mwezi mlezi alipelekewa majina yao kwenye simu. Alisoma jina baada ya jina, kisha akaweka kidole gumba kwenye kioo kuthibitisha kwamba watoto hao wapo, ni wazima, na ndio waliosoma. Kwa miaka mitatu alikuwa akiweka kidole bila wasiwasi wowote.

Safari hii kidole kilisita.

Namsifu Mbazi, darasa la saba. Dakika hai: elfu nne na mia moja. Vipindi alivyokosa: hakuna.

Namsifu alikuwa bintiye wa pekee, na Nakijwa alijua, kama alivyojua njia ya kwenda jikoni kwake, kwamba tangu katikati ya mwezi wa tano mtoto huyo hakuwa amevaa utepe hata siku moja.

Utepe ulikuwa mwembamba kama ugwe wa kiatu, na mtoto aliuvaa kwenye paji la uso. Ulisikiliza umeme mdogo wa ubongo. Mtoto akifuatilia somo, dakika ile ilihesabiwa kuwa hai. Akisinzia au akianza kuwaza mbali, dakika ilikufa, na iliyokufa haikuhesabiwa. Ndiyo maana shule iliweza kuzipa familia ratiba huria. Ukitaka mwanao asome alfajiri, sawa. Ukitaka asome Jumapili baada ya ibada, sawa pia. Hakuna aliyeuliza, maadamu dakika hai zinafika elfu arobaini kwa mwaka. Mtoto asiyefikisha, au aliyebaki nyuma mno hata kabla ya mwaka kwisha, alihamishiwa bweni la shule mjini, chini ya mlima, na huko huria iliishia getini.

Kisanjuni waliipokea shule hiyo kwa furaha kwa sababu ya maji. Maji ya kumwagilia yalihifadhiwa kwenye ndiva, bwawa la ukoo lililochimbwa na mababu, na kila familia ilikuwa na zamu yake. Zamu ikifika nawe hupo kwenye mfereji, maji yanakupita. Mwaka ule wa ukame zamu zilikatwa vipande vipande, leo saa mbili asubuhi, kesho saa nane mchana. Kisha Mbazi, mumewe Nakijwa, akateleza akizibua mfereji, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo aliyesimama na jembe kungojea maji alikuwa Namsifu. Walikubaliana kwamba mwezi wa tisa, mvua za vuli zikikaribia, atafidia masomo aliyokosa. Utepe ukatundikwa kwenye msumari kando ya kioo cha ukutani.

Nakijwa aliisoma ile namba tena. Kisha akasoma majina mengine ishirini na mawili. Kijiji kizima kilikuwa kimetimiza. Hata Senzota, aliyelazwa hospitali wiki mbili kwa homa ya matumbo, hakuwa amekosa kipindi.

Akaitia simu mfukoni bila kuweka kidole.

2

Mlezi alikuwa na ruhusa ya kusikiliza kipindi chochote, ruhusa ambayo Nakijwa hakuwahi kuitumia. Jumatano saa tisa alasiri, saa ya hesabu ya pamoja, alimwita Namsifu kutoka shambani. Walikaa barazani, simu katikati yao. Mbazi alikuwa ndani kitandani, dirisha wazi, naye akisikiliza.

Sauti ya Mwalimu Mwanahawa ilitoka taratibu, yenye lafudhi ya Kilwa. Hakuwa amewahi kufika Upare. Wala hakuwa amewahi kuwaona wanafunzi wake, kwa kuwa mtandao wa milimani haukuweza kubeba picha zao. Mtambo wa shule ndio uliochora sura zao kwa kufuata utepe, ukazichekesha walipocheka na kuzishangaza waliposhangaa.

"Namsifu," alisema mwalimu, "robo ya theluthi ni ngapi?"

Namsifu, aliyekuwa akijikuna tope mguuni, akainua kichwa.

Simuni kulisikika kikohozi kidogo, kile ambacho Namsifu alikitoa kila alipotaka kusema mbele za watu. Kisha sauti yake mwenyewe ikajibu, "Moja ya kumi na mbili, mwalimu. Lakini nilitaka kuuliza. Kwa nini tunazidisha wakati kitu chenyewe kinapungua?"

"Swali zuri sana," alisema mwalimu, na ilisikika wazi kwamba anatabasamu.

Namsifu alikuwa ameweka mkono kooni, kana kwamba anahakikisha sauti bado imo.

"Mama, mimi sijauliza hivyo."

"Najua."

"Hata hizo hesabu za sehemu sijazifikia. Mimi niliishia kwenye desimali." Alisikiliza kidogo zaidi. Ile sauti ilicheka mahali ambapo na yeye angecheka. "Mwalimu anampenda."

Nakijwa akazima simu. Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kumwonea wivu mtu ambaye hayupo. Kutoka ndani Mbazi aliuliza kwa sauti ya chini, "Nakijwa, ni nani huyo?" Ndilo swali Nakijwa alilokuwa akijiuliza.

3

Ijumaa alifika afisa wa shule. Alikuwa Bwana Ngailo, mtu mwembamba mwenye adabu, na alikuwa ameacha gari chini kwenye daraja akapanda kwa miguu. Nakijwa alimkaribisha kiti, akampa chai ya tangawizi na sahani ya makande. Ngailo alikula kwanza, kama mgeni aliyelelewa, kisha akasema shida yake.

"Mama, orodha yako bado haijathibitishwa. Ni ya Kisanjuni tu iliyobaki."

"Mwanangu hakusoma mwezi mzima, bwana afisa. Orodha inasema amesoma."

"Umesikiliza kipindi. Tumeona." Akaweka kikombe chini. "Ule ni mwangwi. Utepe ukivaliwa muda wa kutosha, unajua mtoto anavyofikiri. Unajua anapokosea, anapochoka, anachopenda kuuliza. Mtoto akipata udhuru, mwangwi unakaa mahali pake. Unasikiliza, unajibu, unafanya mazoezi. Mwisho wa muhula mtoto anapewa muhtasari."

"Na nani aliwaruhusu?"

"Mkataba, mama. Ukurasa wa kumi na tisa. Shule inaweza kutumia njia mbadala kudumisha uwepo wa mwanafunzi."

"Hayo maneno sisi tulidhani ni betri ya akiba."

Ngailo alikaribia kucheka, akajizuia. "Niseme ukweli. Nyinyi ndio mliotaka ratiba inayofuata maji. Maji hayana ratiba. Familia nusu na zaidi za hapa zingeanguka mwezi wa tano. Basi la bweni lingekuwa limeshakuja. Mwangwi umewaacha watoto wenu nyumbani kwenu. Mtoto anashika jembe, masomo yanaendelea, cheti kinakuja. Nani ameumia?"

"Kwenye mtihani atakaa nani?"

"Mtihani siku hizi hakuna. Ni dakika hai na mazoezi. Unalijua hilo."

Alilijua. Na alijua jambo lingine lililokuwa likimkaba tangu Jumatano: orodha ya mwezi wa tano aliiwekea kidole yeye mwenyewe, akiwa anakimbilia kumrudisha Mbazi hospitali, bila kusoma hata jina moja.

"Mimi nimezaliwa Makete," alisema Ngailo. "Nilitembea kilomita tisa kwenda shule, baridi inauma masikio. Ningepewa mwangwi, ningeupokea kwa mikono miwili."

"Basi leo ungekuja mwangwi kuzungumza nami, bwana afisa. Wewe ungekuwa bado Makete."

Ngailo akasema kwa upole uleule, "Usipothibitisha, dakika za mwangwi zitafutwa. Watoto watapungukiwa. Basi litakuja. Nakupa mpaka Alhamisi."

4

Jumapili wazazi walikutana bandani. Nakijwa aliwaeleza yote, akawasikilizisha sauti ya mtoto wa kila mmoja iliyohifadhiwa kwenye simu. Baba mmoja alitoka nje katikati ya sauti ya mwanawe asirudi. Waliobaki walitazama sakafu yenye maganda ya tangawizi.

Aliyesema kwanza alikuwa Naetwe, dada yake Mbazi, wifi yake Nakijwa, mjane mwenye mtoto mmoja.

"Wifi, mimi nakuuliza mbele za watu ili usiseme nimekusengenya. Nanzia ameshaurudia mwaka mmoja kwa ugonjwa. Mwaka huu amesoma mwenyewe, ila mwezi mmoja amesomewa. Ukikataa kuweka kidole, unamfutia huo mwezi wa kusomewa. Anakwenda bweni, mimi nabaki na shamba peke yangu. Kwa faida ya nani?"

"Kwa faida yake."

"Faida ambayo hajaiomba."

Wengi waliguna kumuunga mkono. Jambo alilolisema Nakijwa hapo hakuwa amewahi kumweleza mtu isipokuwa mumewe.

"Nyote mnanijua nilimaliza darasa la saba. Cheti ninacho. Mama aliumwa miaka mitano, nami ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa huruma. Kila asubuhi aliita jina langu, na nisipoitika aliandika yupo. Kwenye karatasi sikukosa hata siku moja. Siku nilipopewa cheti sikuweza kukisoma. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa siri, kwa vitabu vya watoto, Mbazi akinishikia taa. Yule mwalimu simlaumu. Lakini kila nikikumbuka ile alama ya yupo, naona kuna msichana mwingine aliyekaa kwenye dawati langu miaka mitano, akala elimu yangu, akaondoka nayo. Sitaweka kidole kumkalisha mwingine kwenye dawati la mwanangu. Wala la Nanzia."

"La Nanzia halikuhusu," alisema Naetwe, lakini sauti ilikuwa imepungua makali.

"Jumatano nitakuwa hapa saa tisa. Mwenye kutaka mwanawe aingie darasani yeye mwenyewe, amlete na utepe wake."

Naetwe alijifunga kanga vizuri, akasimama. "Akikosa cheti, wewe ndiye utakayemweleza."

"Nitamweleza."

5

Jumatano walikuja watoto kumi na wanane. Walikaa juu ya magunia, nywele zimelowa maji ya kunawia, kila mmoja na utepe wake kwenye paji. Mbazi naye alifikishwa kwa machela, akalazwa kando ya mlango. Alisema hawezi kusikiliza vita kupitia dirishani.

Saa tisa kamili Namsifu alibonyeza utepe. Taa yake ndogo, ambayo huwa ya kijani, iliwaka nyekundu. Simu ya ulezi ikasema kwa sauti ya upole ya kike, "Namsifu Mbazi tayari yupo darasani. Utepe huu unavaliwa na mtu asiyetambulika. Tafadhali mrudishie mwenyewe."

Namsifu aliuvua, akaupangusa, akauvaa tena. "Mtu asiyetambulika," sauti ikarudia.

Watoto wengine nao walijaribu. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Senzota akaanza kulia kimya kimya. Nakijwa hakuelewa mara moja. Ilimchukua muda kupambanua kilichotokea. Mtambo ulimlinganisha kila mtoto na kumbukumbu ya siku za mwisho alizohesabiwa kuhudhuria, na siku hizo zilikuwa za mwangwi. Watoto walikuwa wamekaa juani na kwenye mifereji, wameugua, wamegombana, wameota meno, wamekua. Mwangwi ulikuwa umebaki vilevile, makini na msafi. Kati ya wawili hao, mgeni alikuwa mtoto.

Nakijwa akabonyeza kitufe cha mlezi kuzungumza.

"Mwalimu Mwanahawa, samahani kwa kukukatiza. Mimi ni mlezi wa Kisanjuni. Watoto wangu wako nje ya darasa. Walio ndani si wao."

Nyuma ya mwalimu zilisikika sauti za darasa, sauti za watoto wale wale waliokaa magunini, zikijibizana kwa furaha.

"Nasikiliza," alisema mwalimu.

Nakijwa alimweleza kwa maneno machache. Alipomaliza, mwalimu alisema, "Nipe Namsifu."

Namsifu aliishika simu kwa mikono miwili. Akakohoa kidogo.

"Namsifu, robo ya theluthi ni ngapi?"

Simuni humo humo, kwa mbali, Namsifu mwingine alijibu papo hapo. Huyu wa bandani akaisogeza simu karibu zaidi.

"Sijui, mwalimu. Sikuwepo."

Sauti ya Mwalimu Mwanahawa ilikuwa imebadilika. "Miezi miwili sasa sijasikia mtoto wa kwenu akisema sijui. Nilidhani nimekuwa mwalimu hodari. Nilijisifu hata kwa mama yangu." Kisha akasema, "Mama mlezi, nina uwezo wa kuzianzisha tepe upya. Mwangwi utatoka, mtoto ataingia. Lakini utepe ukianza upya unaanza na sifuri. Zitafutika na zile dakika walizosoma wenyewe tangu Januari. Siwezi kutenganisha. Nataka uwaulize, tena mmoja mmoja. Sitafanya kwa mkupuo."

Hapo ndipo Nakijwa alipohisi uzito wa jambo lenyewe. Ilikuwa rahisi kukataa uongo wa miezi miwili. Sasa aliombwa kutoa na ukweli wa miezi minne, asubuhi zote ambazo Namsifu aliamka kabla ya jogoo ili asome kabla ya kuchota maji. Aliwatazama wazazi waliosimama ukutani. Akamtazama Mbazi, naye akageuza macho kwa binti yao.

"Muulize mwenyewe," alisema Mbazi. "Ni kichwa chake."

"Namsifu," alisema Nakijwa, "ukisema hapana, sitakuchukia."

Namsifu alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto wawili walianza kunong'onezana. "Yule ataendelea kusoma nikisema hapana?"

"Ataendelea."

"Na kila siku atanizidi."

"Ndiyo."

"Nianzishe, mwalimu," alisema Namsifu. "Bora nishike mkia nikiwa mimi."

Taa ikazimika, ikakaa hivyo kitambo, ikawaka kijani. Simuni, katikati ya neno, ile sauti nyingine ikakatika. Namsifu alishtuka, akatazama chini. Baadaye alimwambia mama yake kwamba alimwonea huruma kidogo, kwa kuwa alikuwa katikati ya kuuliza swali.

Nakijwa akawauliza waliofuata, mmoja mmoja, jina na jibu. Watoto watatu walikataa, na mmoja wao alikataa akilia kwa aibu. Nakijwa alimpangusa machozi akamwambia hana kosa. Kumi na watano, pamoja na Namsifu, walikubali. Alipodhani amemaliza, aliona kivuli mlangoni. Nanzia alikuwa amesimama na utepe mkononi, na hatua kumi nyuma yake, kwenye njia, alisimama Naetwe, mikono imefungwa kifuani.

"Mama yako amekuruhusu?" aliuliza Nakijwa.

"Amesema nikifika hapa nitaamua mwenyewe, na kwamba hatazungumza na wewe."

"Haya."

"Niandike, mkazamjomba," alisema Nanzia, akauvaa utepe.

Ilikuwa imebaki robo saa ya kipindi. Mwalimu Mwanahawa alipuuza onyo lililokuwa likimlialia kwamba somo limekatizwa. Akaita majina kumi na sita kwa mdomo, akingoja kila mtoto aitike, akaandika kwa mkono wake. Kisha akawarudisha kwenye desimali.

6

Siku ya Alhamisi Nakijwa alituma orodha yake badala ya ile ya shule. Aliichapa kwa kidole kimoja usiku uliotangulia na asubuhi yote. Mbele ya kila jina aliandika siku ambazo mtoto hakusoma, na sababu. Namsifu: siku arobaini na moja, alikuwa akilinda maji. Senzota: siku kumi na nne, alikuwa hospitali. Nanzia: siku thelathini, alikuwa akivuna na mama yake. Chini yake akaandika: na ile ya mwezi wa tano niliyothibitisha ilikuwa ya uongo, nilithibitisha bila kusoma, kosa ni langu. Hapo ndipo akaweka kidole.

Majibu yalifika kabla ya jua kuzama. Ulezi wake umesitishwa. Watoto kumi na sita wenye dakika zisizotosha watahamishiwa bweni; wale saba ambao hawakuanza upya wamepewa muda wa kufidia. Basi litapanda Jumatatu.

Lilipanda kweli, saa nne asubuhi, likinguruma kwenye kona. Bwana Ngailo alishuka na karatasi mkononi. Hakumkuta mtu njiani, wala hakuna mama aliyefunga mizigo. Watoto wote kumi na sita walikuwa bandani wamekaa juu ya magunia, tepe zinawaka kijani, na sauti ya Kilwa ikiwaelekeza namna ya kupanga sehemu kwa ukubwa. Mwalimu Mwanahawa alikuwa amepewa barua ya onyo. Alisema ameiweka chini ya mguu mfupi wa meza yake.

Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, wewe si mlezi tena," alisema Ngailo. "Naomba unipishe."

"Sijasimama kama mlezi. Nimesimama kama mzazi. Wako kwenye kipindi."

Ngailo alijua kanuni za shule yake: mtoto aliye ndani ya kipindi hatolewi na mtu yeyote. Akatazama saa. "Kinaisha saa ngapi?"

"Ratiba ni huria, bwana afisa. Familia ndizo zinazopanga. Tumekaa jana tukapanga kiishe basi likishaondoka."

Dereva aliyekuwa akisikiliza alizima injini, akajinyoosha kwenye usukani. Ngailo alikunja karatasi, akaikunjua.

"Mtawakalisha hapo mpaka lini? Watachoka. Dakika zitakufa."

"Zikifa zitahesabiwa zimekufa," alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa Naetwe. Alikuwa ametokea upande wa mfereji, gauni limelowa hadi magotini, jembe begani. Alimpita Nakijwa bila kumtazama, akakaa kwenye kizingiti, akauziba mlango wote. "Mwanangu kwa mara ya kwanza amenisomea kitu akakosea, nikajua ni yeye. Mimi sijakubaliana na wifi yangu kwa kila neno. Lakini basi hilo Nanzia hapandi. Kama una kanuni inayosema umvute mtoto juu ya mabega ya mama yake, isome tuisikie."

Akina mama wengine walikuja mmoja mmoja, wengine na majembe, mmoja na mtoto mgongoni, wakakaa chini mbele ya banda. Hawakupiga kelele. Ngailo alisimama hadi saa saba, jua likamchoma utosi. Mtu alimletea kiti na chai, akavipokea. Saa tisa alimwambia dereva awashe gari. Kabla ya kupanda alimwendea Nakijwa.

"Nitaandika nini?"

"Andika ulichokiona. Wapo, ni wazima, wanasoma."

Basi lilirudi mara mbili zaidi mwezi ule, na kila mara lilikuta kipindi kinaendelea. Mwezi wa tisa vijiji vingine vitatu vya mlimani viliwasikilizisha wazazi sauti za watoto wao, na mwezi wa kumi shule ikatangaza kwamba mwangwi hautatumika pasipo ridhaa ya mzazi na mtoto, kila mmoja kwa mdomo wake. Habari ya bweni haikuzungumzwa tena. Lakini zile dakika hazikurudishwa. Watoto kumi na sita wa Kisanjuni waliurudia mwaka mzima, na Nanzia aliurudia kwa mara ya pili. Nakijwa alikwenda kumweleza, kama alivyoahidi. Nanzia alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anajua, akaomba aonyeshwe tena namna ya kutoa sehemu zenye asili tofauti. Nakijwa hakujua, ikabidi wakae chini wote wawili wajifunze.

Shule iliagiza kijiji kichague mlezi mpya. Mkutano ulifanyika, mikono ikainuliwa, akachaguliwa Nakijwa. Barua ikarudi kwamba huyo hafai, wachague mwingine. Wakakutana tena, wakamchagua Nakijwa. Barua ya tatu ilikuja na mhuri mkubwa zaidi. Safari hiyo aliyesimama kupendekeza jina lile lile alikuwa Naetwe, na alilitaja kwa sauti ya mtu anayegombana, akakaa. Mara ya nne barua haikuja.